Mshika Gia wa Reshit

Reshit, Chapursan
2 Desemba 1992

Kaka Inayat,

Ya Ali Madad. Hujambo huko Karachi? Kifua chako kimepona? Huku sote wazima. Baba mzima, Shangazi mzima, mbuzi wazima, paa halijavuja. Salamu zimekwisha, sasa nisikilize.

Nimechaguliwa chuo cha ualimu Gilgit. Masomo yanaanza tarehe moja Aprili. Bonde hili lote tumechaguliwa wasichana wawili tu. Nikampelekea Baba ile barua huku nacheka mwenyewe. Akaisoma, akaikunja, akaniuliza, "Na gia atashika nani?"

Naapa ndivyo alivyosema. Hata hongera hakuna.

Ule mkono wa gia wa jipu letu la Willys umelegea kuliko ulivyouacha. Unachezacheza tu, ukiusukuma hujui umeingia wapi. Namba mbili ndiyo mbaya zaidi: tukianza kushuka kwenda Sost inachomoka yenyewe, gari linabaki linateleza, na zile breki unazijua. Basi mimi nakaa mbele, naukumbatia mkono wa gia kwa mikono miwili mteremko mzima. Viganja vimeota sugu. Abiria huko nyuma wanatafuna aprikoti kavu na kupiga soga. Nikamwambia Baba, kuna wanaume sita humo, mmoja wao ashike. Akaniangalia kana kwamba nimemtukana. Abiria ni mgeni, na mgeni hapewi kazi. Gia inashikwa na mtoto wa dereva, ndivyo ilivyo kwa kila gari bovu la bonde hili. Na mtoto aliyebaki ni mimi.

Kaka, miaka minne iliyopita uliposhuka pale Sost ukasema unakwenda kununua sabuni, kisha ukapanda basi la Karachi, ule mkono wa gia ulikuwa wako. Ulinitupia mimi, nina miaka kumi na mitano. Sijawahi kukuambia. Leo nakuambia.

Wewe ni fundi sasa. Fanya kitu.

Mdogo wako,
Zarbano


Karachi
29 Desemba 1992

Mdogo wangu Zarbano,

Ya Ali Madad. Kifua kimepona, namshukuru Mungu. Ninyi nyote hamjambo? Hongera, hongera, hongera! Nimemsomea bosi wangu, fundi Latif, barua yako karakana nzima ikisikia, akazima mashine ili wakupigie makofi.

Baba ana wazimu. Sisemi kwa utani. Kumkalisha binti mahali pa springi! Ugonjwa wa lile gari anaujua tangu mimi mdogo. Ule mkono una kichwa cha mviringo kama kitunguu, kinakaa kwenye kikombe juu ya gia boksi, kimekandamizwa na springi na kofia. Pembeni kuna pini ya kuuzuia usizunguke. Bushi, ile pete inayokishika kichwa, ikilika, kichwa kinacheza, mkono hausukumi gia mpaka mwisho, na ndiyo maana namba mbili inachomoka. Hakuna uchawi hapo. Ni kazi ya saa mbili!

Nimekereza bushi ya shaba na pini mpya, nimeongeza na springi. Nimejaribisha kwenye Willys moja mbovu ya soko la vyuma chakavu, vimeingia sawasawa. Mzigo unakuja na Mehrban, dereva wa basi, atamkabidhi Baba mkononi. Mle ndani nimemwandikia na namna ya kuvifunga.

Na hilo la sabuni, umelitunza miaka minne ili unipige nalo siku ya furaha yako? Nilikuwa na sababu zangu. Usinihukumu kabla hujaniuliza.

Kaka yako,
Inayat


Reshit
9 Februari 1993

Kaka,

Ya Ali Madad. Sote wazima. Habari zako sikuulizi leo, nina hasira.

Mzigo ulifika Januari. Baba akaniambia vyuma vyako havikuingia, eti umeshasahau vipimo vya gari la nyumbani. Nami nikaamini! Nikakutukana moyoni wiki tatu nzima. Jana nimekwenda ghalani kuchota shayiri, kopo likagonga kitu. Vyuma vyako, Kaka. Vimefungwa vilevile kwa kamba yako na fundo lako. Hakuna aliyevigusa.

Nikaenda moja kwa moja kwenye gari, nikavua ule mpira wa kuzuia vumbi, nikachungulia. Unajua humo ndani kuna nini? Pembe! Baba amechonga bushi ya pembe ya ng'ombe yaki. Asubuhi kukiwa na barafu inakaza vizuri, anawaonyesha wenzake na kujisifu. Gia boksi ikishapata joto inalainika, na hapo ndipo naitwa nishike.

Nikamuuliza usoni. Akasema, "Gari ni langu. Atakayegusa boliti yake bila ruhusa yangu, asiniite baba." Kisha akaomba chai. Na mimi mjinga nikampikia, nikatia na chumvi anavyopenda.

Anataka lilegee, Inayat. Umenielewa? Likikaza, mimi naondoka.

Njoo wewe. Njoo kabla ya Aprili, ulifungue gari wewe, na akigomba agombe na mwanamume mwenzake. Sijawahi kukuomba kitu tangu uondoke. Naomba hilo.

Zarbano


Karachi
1 Machi 1993

Mdogo wangu,

Ya Ali Madad. Natumaini hasira imekuacha mzima. Barua hii nimeiandika mara nne, na kila mara inatoka hivyo hivyo: siji. Kasirika tu.

Hujaniuliza sababu, lakini nakupa. Nilianza kushika ule mkono mwaka aliofariki Mama, nina miaka kumi. Asubuhi ya mtihani wangu wa darasa la kumi Baba alikuwa na safari ya mbolea. Akasema mtihani upo kila mwaka. Wenzangu wakaandika mtihani, mimi nikashika gia. Mwaka uliofuata ikawa vilevile, mara hii viazi. Mwaka wa tatu sikusubiri. Sasa nikija, namjua Baba: atanionyesha kile kiti kwa kidevu, bila neno. Na mimi nitakaa. Hicho ndicho ninachokiogopa, kwamba nitakaa. Haya, nimesema.

Lifungue mwenyewe. Usishtuke. Weka nyutro, gia yoyote isiwe imeingia. Kofia ile haihitaji spana: ikandamize kwa viganja kwa nguvu zako zote, izungushe kushoto. Itaruka na springi, kwa hiyo usiinamishe uso. Chomoa mkono wote. Ziba tundu kwa kitambaa safi, maana mchanga ukiingia, gia boksi imekwisha. Hiyo pembe itupe mtoni. Paka grisi, weka bushi, rudisha mkono, na hakikisha ncha ya chini imeingia kwenye mfereji wake kabla hujabana, la sivyo utashika gia mbili kwa mpigo na gari halitasogea. Pini mwisho.

Mimi naona aibu, kama ulitaka kujua.

Kaka yako,
Inayat


Gilgit
12 Aprili 1993

Kaka,

Ya Ali Madad. U mzima? Umeona nimekuandikia kutoka wapi? Bweni lina baridi, dengu zina mawe, na mimi nipo.

Ruhusa sikuomba. Siku ile ya kusafisha nyumba kabla ya mwaka mpya wa Navruz, si unajua wanaume wote hufukuzwa, na harudi mtu mpaka aitwe? Nikamfukuza Baba pamoja na wenzake. Shangazi akabaki anafagia masizi, mimi nikaingia garini. Kofia ilinishinda mara mbili. Ya tatu ikaruka ikanikosa jicho kidogo tu, nikakutukana. Ncha ya chini nikaikosea, gia mbili zikashikana kama ulivyosema, nikatoa kila kitu nikaanza upya. Ilipokaa nikaisukuma kwa kidole kimoja. Kidole kimoja, Inayat! Nilikaa pale nikalia kwa hasira.

Shangazi akaja na unga wake wa heri mkononi, akauliza, "Tumwite sasa?" Nikamwambia bado, acha apigwe na baridi. Nikala mkate wangu taratibu, ndipo nikamwita.

Akapakwa unga begani, akatakiwa heri ya mwaka, kisha akaiona mikono yangu myeusi. Wiki nzima hakunisemesha.

Tarehe thelathini Machi tukashuka, abiria tisa na sanduku langu. Nilikaa mahali pangu, mikono nimeiweka mapajani. Namba mbili ikakaa. Mteremko wote ikakaa. Tulipopita Kirmin nikamwona anafuta macho, nikadhani vumbi. Akasema, "Sasa nitaongea na nani njiani?"

Kaka, nilitaka kumpiga! Kumbe ni hilo! Tangu Mama afariki anaogopa kuendesha kile kiti kikiwa kitupu, na badala ya kusema neno moja anakula mitihani yako, anaficha vyuma kwenye shayiri, ananifanya mimi kuwa kipuri. Nilimfokea mbele ya wale wageni wake waheshimiwa mpaka Sost. Hakuna aliyetafuna aprikoti siku hiyo. Alisikiliza yote. Tulipofika akabeba sanduku langu mwenyewe mpaka kwenye basi, akasimama pale mpaka tukaondoka.

Sijamsamehe. Na wewe pia sijakusamehe. Lakini hakuna tena cha kushika, Inayat, kwa hiyo huna tena cha kuogopa. Huku usiniandikie. Nenda nyumbani.

Zarbano


Reshit
23 Mei 1993

Dada mwalimu,

Ya Ali Madad. Hujambo? Dengu bado zina mawe? Huku Shangazi mzima, mbuzi wazima, Baba mzima kupita kiasi. Nimepewa likizo ya siku kumi na mbili, na nne za kwanza zimekwisha kwa magomvi. Nimemwambia habari ya mitihani yote miwili, mlango wazi, majirani wanasikia. Akajibu kwamba hesabu hata hivyo nilikuwa sijui. Mzee huyu! Nikatoka nje nikapiga teke ndoo. Baadaye akanifuata, akasimama karibu yangu, akasema ningefaulu.

Jana tukashuka Sost. Hakunionyesha kiti. Aliwasha gari akangoja, nikapanda mwenyewe. Kwenye mteremko mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye gia, mazoea. Akauchapa kofi.

"Toa mkono," akasema. "Hiyo haishikwi. Imetengenezwa na binti yangu."

Kaka yako,
Inayat