Raba za Kupimia Saizi

Gurei, Juba
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa ndugu yangu Maina,

Pokea salamu zangu kabla ya mengine yote, na uzipokee ukiwa umeketi. Natumaini mko wazima hapo nyumbani, Mama na goti lake, na kwamba baridi ya Nyahururu haijawaonea sana mwaka huu. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa miguu. Jioni huwa imevimba hata nikivua viatu kamba zimeniacha na alama kama za mjeledi. Lakini hiyo umeshaisikia. Huku kwa dobi wa hoteli hakuna viti, na mashuka hayajipigi pasi yenyewe.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwa simu tungecheka tu. Wewe ungesema, "Dada, mtandao unasumbua," mimi ningesema haya, tukakata. Karatasi haikatiki. Barua hii ataileta Barasa, yule dereva wa lori anayetuletea vyakula vya hoteli kutoka Kenya, pamoja na furushi. Tafadhali usifungue furushi kabla hujamaliza kusoma. Najua umeshalifungua.

Kwanza nikueleze habari ya kazi. Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi huu. Meneja aliniita ofisini akanipa karatasi ya kuongeza miaka mingine miwili, nami nikamwambia nitaitia sahihi, hata kabla hajamaliza kueleza. Akaniuliza kama sitaki kwenda kufikiri kwanza. Nikamjibu kwamba nina ndugu mkimbiaji, yuko kambini, anafanya mazoezi kila siku, na miaka miwili hivi atakuwa amefika pazuri. Hapa hotelini kila mtu anakujua, Maina. Wapishi wanakuita "yule wa marathoni", na hawajawahi kukuona hata kwa picha. Kuna saa mvuke wa pasi unanijaa puani, jenereta inanguruma nyuma ya ukuta, na natamani nikae sakafuni pale pale nilie. Hapo ndipo ninapojiambia, kijana anakimbia. Kisha nachukua shuka lingine.

Kwa hiyo uliponiambia raba zako zimekwisha sikusita. Ulisema muundi umeanza kuuma tena, na kwamba unataka raba za sponji nene za mazoezi ya kila siku, si zile nyepesi za mashindano. Nilikuuliza saizi, ukasema namba za viatu hazielewani, kila kampuni na yake, afadhali umpe Barasa zile za zamani nipimie nazo. Halafu ukanifundisha jinsi ya kuchagua. Uliongea karibu nusu saa! Nibonyeze sponji kwa kidole gumba nione kama inarudi. Nikunje kiatu, na kikikunjika katikati badala ya kwenye vidole nikiache. Nitazame ubavuni mwa soli, nikiona mikunjo kama ya shingo ya mzee nijue sponji imekufa hata kama juu panang'aa. Nilikusikiliza nikiwa nimelala kitandani, miguu nimeiinua ukutani, nikafurahi. Siku nyingi nilikuwa sijakusikia ukiongea hivyo.

Alhamisi ndiyo siku yangu ya kupumzika. Badala ya kulala nilipanda boda hadi Custom, nimebeba raba zako alizoleta Barasa kwenye mfuko. Custom ni soko la watu wasio na haraka ya kukupisha. Waganda na Wakenya wamejaa, kila mmoja anakuita dada, na jua linakupiga kisogoni hadi unasahau ulichofuata. Nilizunguka kwa wauza mitumba wanne kabla sijafika kwa Mama Keji. Huyu ni mama wa hapa hapa Juba, lakini alikulia ukimbizini Uganda, na Kiswahili chake alikiokota huko sokoni Arua. Anauza viatu tu, na havipangi kwa rangi kama wenzake. Anavipanga kwa kazi, vya kanisani huku, vya shamba kule, vya mbio pembeni.

Alinipa pea tatu zinazokaribia saizi yako. Za kwanza zilikuwa za buluu, soli nene kama mkate wa kuumuka, laini hata nilipoingiza mguu wangu mwenyewe nilitaka kukataa kuutoa. Lakini nilipotembea hatua tatu kisigino kilicheza huku na huku. Nikawaza ile njia yenu ya murram yenye mawe, nikaona kifundo cha mguu kikigeuka, nikazirudisha. Za pili zilikuwa nyeusi, safi, mtu angeapa hazijavaliwa. Nikabonyeza kama ulivyonifundisha. Kidole kiliingia, shimo likabaki pale pale, na ubavuni nikaiona ile shingo ya mzee. Mama Keji akacheka, akasema, "Dada, wewe iko fundi."

Za tatu ni za kijivu, mbaya kwa sura, nakuambia mapema usije ukanuna. Ulimi wa kiatu kimoja umeshonwa upya kwa uzi wa rangi nyingine. Lakini sponji yake inarudi, si laini mno wala si ngumu, mbele ni pana vidole vipate kupumua, inakunjika pale pale inapotakiwa, na chini ina mpira mzima kisiginoni na kwenye vidole. Nilivaa, nikaruka ruka mbele za watu kama mwendawazimu. Muundi wako ungezipenda hizo.

Nikatoa zako ili nizipime soli kwa soli. Zililingana sawasawa. Nilikuwa nimeshaanza kufunga mfuko Mama Keji alipoichukua raba yako moja mkononi mwangu. Akaigeuza. Akaniuliza, "Hii ya nani?"

"Ya ndugu yangu. Ni mkimbiaji."

"Anakimbia kila siku?"

"Kila siku. Yuko kambini."

Akaigeuza tena. "Malesh, samahani dada. Mimi iko nauza kiatu miaka mingi. Kiatu ya mutu ya kukimbia inakula hapa mbele, na hapa nje ya kisigino. Hii mbele bado iko na meno. Angalia. Imekwisha hapa katikati tu. Nani anakanyaga na katikati ya mguu?"

Nilitazama, na kweli, pale kwenye upinde wa mguu ambapo hakuna anayegusa ardhi, soli zako zote mbili zimechimbika mfereji mmoja ulionyooka. Mama Keji akachukua raba ya kushoto akanionyesha juu, pale penye kidole gumba, pamekwaruzika na pameshika weusi wa oili. Akamwita mwendesha boda aliyekuwa ameegesha karibu akingoja abiria. "Wewe, lete mguu."

Yule bwana alidhani anauziwa viatu, akakataa. Alipoelewa akaunyanyua mguu wa kushoto huku akicheka. Alama ilikuwa pale pale, ya ukubwa ule ule. "Hii ni gia," akasema. "Sisi wote ya boda iko nayo, na hii mfereji ya chini ni ile chuma ya kukanyagia." Akaichukua raba yako ya kulia, akanionyesha ubavu wa ndani ambapo sponji imeyeyuka kidogo, mimi nilikuwa nimedhani uliiweka karibu na moto. Akasema ni bomba la moshi.

Nikajaribu kukutetea. Nikasema labda ulimsaidia rafiki siku moja. Mama Keji akatikisa kichwa. "Hapana siku moja. Hii ni siku mingi."

Nilimkasirikia yeye, nakuambia ukweli. Nilimwambia anauza viatu, hapigi ramli. Hakuudhika. Alinisogezea gunia nikae, akaenda kumhudumia mtu mwingine. Niliona aibu kwanza, kwa ajili ya wapishi. Halafu nikaona hasira. Halafu hivyo vyote vikaniishia nikabaki na usingizi tu, pale kwenye gunia, saa sita ya mchana, nimepakata raba zako.

Tangu siku hiyo mambo yananijia moja moja. Ile honi niliyoisikia ukiwa kwenye simu, ukasema uko kwenye steji ya matatu unangoja mtu. Lile blanketi jipya Mama alilosema umemnunulia, na unga, na mafuta ya taa. Nilijiuliza mkimbiaji ambaye hajashinda mbio anatoa wapi blanketi, kisha nikaacha kujiuliza kwa sababu nilikuwa nimechoka na jibu lisingenifaa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, Maina, lakini ya kwako imetoka Nyahururu, ikapita mpakani Nimule, ikavuka daraja, ikafika hadi Custom. Umejitahidi.

Sijui ni lini uliacha, wala kama umeacha kabisa. Pengine unakimbia alfajiri kwa raba nyingine halafu unabeba abiria kwa hizi. Pengine muundi ulikushinda mwaka jana na hukujua utaniambiaje. Hata Mama Keji hajui hilo, kiatu kina mwisho wake wa kusema. Sikulaumu kwa boda. Boda si wizi. Ningekuwa mwanamume na nina miguu mizima ningeiendesha badala ya kusimama huku.

Ila kuna jambo moja nataka ulielewe, na sina njia ya kulisema kwa upole. Mimi sipendi kukaa hapa. Nilikuwa sijawahi kukuambia. Watu wa hapa ni wema, sina ugomvi nao, lakini nimechoka, Maina. Nimechoka kwa namna ambayo kulala hakuiondoi. Wambui wangu ameng'oka jino la kwanza nikaliona kwenye picha, kiganjani mwa Mama. Juzi nilimsikia akimwuliza bibi yake, "Ni yule anti wa kwenye simu?" Mimi ndiye mama yake. Nilimwambia kwamba miaka miwili si mingi, na nilipokuwa nikisema nilijua nadanganya, kwa hiyo tusihukumiane sana.

Nilivumilia kwa sababu ulikuwa unakimbia. Kama ulinyamaza ukiogopa kunivunja moyo, basi ulikosea, ndugu yangu. Ungeniambia ungenifungua. Na kama ni boda inayonunua unga na blanketi hapo nyumbani, basi wewe ndiye unayewatunza, na umekuwa ukiwatunza bila hata kupongezwa. Nakupongeza sasa. Sisemi kwa kejeli.

Raba za kijivu nilizinunua, ndizo hizo kwenye furushi. Mama Keji alidhani nitaziacha. Lakini mguu wako ni mguu wako, na muundi wako unauma kweli, hilo sidhani kama ulilitunga. Kimbia nazo au badilishia gia nazo, utakavyo. Ukizifua usizianike juani, sponji hukauka.

Nisalimie Mama, umwambie ninakula vizuri, na hizi habari za soli usimwambie. Mwambie Wambui mama yake, useme hivyo hivyo, mama yake, anataka kuliona lile pengo kwa macho. Msalimie Shangazi anayeuza maziwa karibu na kanisa, umwambie bado ninalitunza sweta alilonifumia ingawa hapa hakuna siku ya kulivaa. Msalimie na kocha, kama bado mnaonana.

Karatasi ya meneja iko hapa juu ya meza ninapoandikia, sijaitia sahihi. Barasa anasema atakuwa Nyahururu katikati ya wiki, kwa hiyo utakuwa na siku za kutosha kunijibu kabla mwezi haujaisha. Usinieleze sababu, hizo utanieleza tukiwa tumekaa. Nitumie neno moja tu, unakimbia au hukimbii. Sitakasirika, hasira inataka nguvu. Lakini ujue kwamba ukisema unakimbia nitakuamini, kama nilivyokuamini siku zote, na nitatia sahihi siku hiyo hiyo. Basi fikiri vizuri, Maina, kabla ya kunijibu.

Dada yako anayekupenda,
Wangari