Salamu Zilizofukia Swali Langu

Jumanne usiku

Wamelala vifaranga, na mwanangu Tumaini kalala mgongoni kwangu. Sithubutu kumshusha.

Asubuhi niliwakuta vifaranga wamejibana pembeni, midomo wazi, wanahema. Wawili walishakufa. Nikauliza kwenye grupu letu la wafugaji, na kwa adabu nikaanza na salamu ya kwetu, "Kamwene." Basi! Wote wakaitikia kamwene, mmoja mmoja, zikaja picha za maua zenye baraka, na Amina zake. Swali likafukiwa.

Nikaandika upya, bila salamu: "Vifaranga wanakufa!"

Mama Zuhura wa Makambako akapiga simu palepale. "We mama Tumaini, hata salamu? Una majiko mangapi bandani?"

"Mawili. Si baridi hii?"

"Toa moja, unawachoma! Mbona nilieleza mwezi uliopita humohumo kwenye grupu?"

Kweli alieleza, ila ujumbe wake ukafunikwa na matangazo ya michango ya harusi. Na nani Njombe angedhani kitu kinaweza kufa kwa joto?

Nilitoa jiko. Mchana wakawa wanadonoa kwa fujo. Nilicheka peke yangu.

Lile jukwaa letu la zamani la mtandaoni lilikuwa na kila swali na jibu lake chini yake, hata mwaka upite unalikuta. Tulilihama kwa sababu grupu limechangamka. Jioni nimelifungua, nikaandika humo yote aliyonieleza Mama Zuhura.

Simu imelia sasa hivi. Dada wa Wanging'ombe, kwenye grupu: "Kamwene jamani. Vifaranga wangu wanahema..."

Wameshaanza kumwitikia. Nimemtumia kwanza linki ya jukwaa. Halafu nami nikaitikia kamwene, maana adabu ni adabu.