Nguruwe wa Daforoza Alikuja Ameshachomwa Sindano

Gashoho, Jumamosi, mwezi wa tatu.

Mvua imeanza alfajiri na haina nia ya kunyamaza. Nimekaa mlangoni na simu hii, miwani yangu ina ufa, na nina hasira. Divine, mjukuu wangu ninayeishi naye, ndiye aliyenifungulia ukurasa huu. Aliniambia, Bibi, ukiwa na hasira andika kwanza, ndipo umpigie mtu simu. Bon, naandika. Darasa la nne la kambi ya wakimbizi linatosha kuandika hasira.

Shangazi amekufa.

Shangazi ni nguruwe wangu mkubwa, jike. Nilimpa jina hilo kwa sababu alikuwa anagomba kama mimi. Amenizalia mara tano, na hakulalia mtoto hata mmoja. Alikufa Jumanne, masikio mekundu, kifua kinakoroma. Majirani wawili wakaja na visu kuomba nyama. Niliwafukuza. Nguruwe amechomwa sindano siku tatu mfululizo, halafu mnataka kumtia chumvi?

Ameacha binti mmoja bandani. Huyo si wangu tena, nimemwahidi Skola, mjane wa hapa chini, kwamba kesho Jumapili baada ya misa nitamkabidhi mbele ya watu. Skola ameshajenga banda. Amekata miti yake mwenyewe, na yeye ni mtu wa mgongo mbovu.

Na aliyemuua Shangazi namjua. Nimekula naye unga wa msaada miaka kumi na mmoja huko Tanzania.

Asiyejua mambo yetu asikie. Huku mtu akikupa nguruwe jike, hakupi akasahau. Akizaa, unamrudishia mtoto jike mmoja. Na yeye habaki naye, anatafuta wa kumpa ambaye hana. Mwaka juzi nilimpa Daforoza binti wa Shangazi. Tulirudi pamoja kutoka kambini, mimi nikaja hapa Muyinga, yeye akaenda kwa ukoo wa mume wake Buraza, Gitega. Mwezi uliopita alikuja kurudisha. Amebadili magari mara mbili na nguruwe kwenye kikapu, amevaa kitenge kipya. Nilikuwa nimepika pombe ya mtama. Tukatia mirija yetu chungu kimoja, majirani wanaona, naye akasema maneno yanayosemwa: ulinipa, amezaa, narudisha.

Nililia. Mimi silii hovyo.

Sasa kuna msichana anaitwa Nadine, anasomea mifugo Gitega. Anafanya utafiti wa afya ya nguruwe na dawa tunazowapa. Anatembea kilima kwa kilima na vijiti vya pamba, anampitisha nguruwe kijiti huko nyuma, anakifungia kwenye kichupa. Siku ya kwanza nilimuuliza kama wazazi wake wanajua kazi anayofanya. Alicheka mpaka akakaa chini. Akauliza natumia antibiotiki gani. Nikamwambia majani ya viazi vitamu, machicha ya pombe, na ufagio. Akaandika. Nikamwambia aandike na ufagio.

Aliniambia jambo moja zaidi. Nguruwe mgeni akae peke yake mwezi mzima, mbali na wengine, na ndoo yake. Nikaitikia ndiyo, ndiyo.

Halafu Daforoza akaja. Sasa mi nimfungie peke yake nguruwe wa Daforoza, Daforoza mwenyewe anatazama? Hiyo ni sawa na kumnusa mgeni mikono kabla hajala. Nilimtia bandani na Shangazi, ubavu kwa ubavu, nikafunga mlango, tukarudi kwenye chungu.

Hilo ni kosa langu. Nimeliandika mara moja, msilitafute tena huko chini.

Siku ya tano yule mdogo akaanza kukohoa. Wiki ya pili akafa. Nikasema ni baridi. Wiki ya tatu Shangazi akakataa machicha, na Shangazi hajawahi kukataa machicha. Nikamwita veterineri wa kilima, akamchoma ile dawa ya njano wanayoiita tetra. Leo, kesho, keshokutwa. Kama anachoma mti. Nadine akapita, akachukua makamasi ya pua ya Shangazi, akaenda nayo Gitega.

Jumatano akanipigia. Bibi, dawa ile haifanyi kitu kwa vijidudu hivi, vimeshaizoea. Nikamwambia vimeizoea wapi, banda langu halijawahi kuona sindano kabla ya wiki ile. Akasema vijidudu havizaliwi na usugu siku moja, vinaupata pale ambapo dawa inatolewa ovyo, leo kidogo, kesho kidogo, mnyama mzima na mgonjwa sawasawa. Nikaelewa vizuri. Ni mtoto anayechapwa kila siku. Mwishoni fimbo inakuwa kama salamu.

Nilimuuliza, vimetoka Buraza? Akasema hawezi kunieleza mambo ya banda la mtu mwingine. Ana adabu. Lakini mimi si mjinga, banda langu limeingiwa na mgeni mmoja tu.

Nilimpigia Daforoza mara nne. Hakupokea. Daforoza, ambaye hata kanisani anapokea.

Nikafunga kitenge nikaenda. Mafuta ya gari yenyewe siku hizi ni ya kugombania, nilifika Gitega jioni, nikalala kwa binti yangu, asubuhi nikawa Buraza. Nilimkuta anapepeta maharage. Aliponiona hakushtuka, akaingia ndani akatoka na chungu na mirija miwili. Kumbe alikuwa ananingoja. Nikapita, nikaenda moja kwa moja bandani kwake, naye akanifuata. Chupa tupu zimechomekwa kwenye nyasi za paa, moja, nyingine, nyingine, kama mtu anayefuga chupa.

"Unawachoma hawa?"

"Kila mtu anachoma, Koleta. Chupa inatoka Kobero mpakani, inafika sokoni, tunachoma. Asipoumwa tunachoma asije akaumwa."

"Na yule wangu?"

Akarudi kwenye maharage yake.

"Yule wangu, Daforoza."

"Alianza kukohoa siku tatu kabla sijaja. Nikamchoma asubuhi na jioni, akanyamaza. Nilikuwa nimeshakwambia siku. Ningekuja mikono mitupu?"

"Ungekuja mikono mitupu ningekupokea."

Hapo akacheka, kicheko kibaya. "We? We ungenipokea? Sha, ungenisema mpaka Muyinga mjini wangejua. Nani hakujui mdomo wako?"

Alinisogezea mrija. Sikuushika. Tangu nizaliwe sijawahi kuukataa mrija wa mtu, na wa kwanza kuukataa umekuwa wa Daforoza. Niliondoka bila kuaga, mvua ikanikuta njiani, nikaona ni sawa.

Nitaandika kinachoniuma, maana nguruwe si kitu, nguruwe wanazaliwa.

Kambini, mwaka ule wa njaa, kadi yangu ya chakula ilipotea na watoto wangu walikuwa watatu. Daforoza alinigawia nusu ya unga wake. Aliuleta mwenyewe, kwenye sufuria, akaniambia, chekecha kwanza, una wadudu. Angeweza kukaa kimya. Nani angelalamika unga wa bure? Lakini aliniambia. Kwa miaka yote hii, mtu akiniuliza rafiki ni nani, nilikuwa nasema ni yule anayekwambia unga una wadudu.

Mtu huyohuyo amekaa kwangu, amekunywa kwenye chungu changu, amenitazama nikilia kwa furaha, na anajua kinachokohoa ndani ya kikapu.

Sijui nimsamehe wapi. Sijapata hata pa kuanzia.

Ningetamani niishie hapo, niwe mimi ndiye niliyetendewa. Lakini ukurasa huu sikuufungua ili nijisifu.

Jana narudi, nimefika soko la Gashoho, Divine akapiga simu. Binti wa Shangazi, yule wa Skola, amekohoa. Mara mbili tu, Bibi, akasema.

Nilisimama palepale katikati ya soko. Nikamwona moyoni Skola na banda lake jipya. Nikawaona wanawake wa kanisani, jinsi nilivyowasema wote kwa zamu, huyu mchafu, yule mvivu, na mimi nguruwe wangu hawajui sindano. Nikaenda kwa yule bwana anayeuza betri na sabuni na dawa za mifugo juu ya turubai moja. Aliniuliza, Bibi, ya kutibu au ya kuzuia?

Nikasema ya siku mbili tu.

Siku mbili. Jana na leo. Kesho asubuhi angekuwa kimya, manyoya yanang'aa, na mimi nimevaa kitenge kipya. Sikufikiri hata kidogo, mkono wangu ulilipa wenyewe. Na ninajua, kuliko mtu yeyote kilimani hapa, kwamba dawa yenyewe haifanyi kitu.

Chupa iko hapa miguuni pangu ninavyoandika. Ya njano, kama mafuta ya mawese yaliyochujwa. Sijaifungua. Asubuhi hii binti wa Shangazi amekohoa tena, nimemsikia hata katikati ya mvua, na mimi nimeitazama chupa, yeye amenitazama mimi.

Nimempigia Nadine. Akasema nisichome, nisimtoe bandani, asiingie mwingine, na yeye anakuja Jumatatu, chupa nimkabidhi yeye. Nikamuuliza, na Skola nimpe nini? Akasema hilo, Bibi, halimo kwenye utafiti.

Basi nitalifanya bila utafiti. Kesho kabla ya misa nitashuka kwa Skola mikono mitupu. Ndala nitaziacha kwangu, maana zinakanyaga bandani, nitamwita kutoka uani nisilikaribie banda lake. Nitamwambia, banda langu linaumwa, ngoja, na hata nikija na nguruwe mwaka ujao mfungie peke yake mwezi mzima, mimi nikitazama.

Atanisema. Kwa zile mara zote nilizomsema yeye, ana deni la kunilipa, na watu watakuwa wanapita kwenda kanisani. Nitasimama hapo uani, peku, nimsikilize mpaka amalize.

Hilo sijawahi kulifanya kwa mtu. Je, nitaliweza?