Mabao Tisa ya Loishiye

Alhamisi, 17 Julai 1913

Baridi kali. Ukungu haukuondoka tangu asubuhi, na mlima hatukuuona kutwa. Nimerudi kutoka Olasiti kwa miguu, viatu vimelowa. Naandika darasani, karibu na dirisha, kabla mwanga haujaisha.

Sijui nianzie wapi. Mwalimu wa hesabu hapaswi kusema hivyo.

Kesho asubuhi natakiwa kumpa Bwana Pastori jina moja: nani atasimama mlangoni Jumamosi tutakapocheza mpira na vijana wa boma la serikali. Majina ni mawili, Loishiye na Ndekirwa, wote wanafunzi wangu wa darasa la juu. Mwezi uliopita wenzao nusura wapigane kwa ajili yao, Waarusha wakimtaka Loishiye, Wameru wakimtaka Ndekirwa. Nikamwambia Pastori asihangaike, nitaamua kwa tarakimu. Nilisema kwa kujiamini sana. Nilisoma Tanga, na huko nilifundishwa kwamba watu wakibishana, huaminiwa aliyeandika.

Basi niliandika. Tangu Pasaka tumecheza mara nane, kila mmoja amelinda mlango mara nne. Kila mpira ulioelekea mlangoni niliuchorea kijiti katika daftari, na ukiingia nilikikata kijiti hicho kwa mstari. Loishiye: mipira ishirini na minne, imeingia tisa. Ndekirwa: mipira kumi na sita, imeingia minne. Yaani Ndekirwa katika kila mipira minne anazuia mitatu. Loishiye katika kila minane anazuia mitano. Hata mtoto wa darasa la kwanza angejua nani achaguliwe.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye amani. Lakini Jumatatu nilichora vijiti vyote ubaoni, nikayahesabu mabao ya Loishiye kwa sauti, nikigonga kila kijiti kwa fimbo, na yeye ameketi benchi la mbele. Moja. Mbili. Mpaka tisa.

Darasa likacheka. Mmoja wa nyuma akasema, "Tisa, inama kidogo, unatuziba ubao!" Kuanzia hapo jina likamganda. Wakati wa uji walimwambia, "Tisa, shika bakuli vizuri, lisije likapita nalo!" Mimi nilikuwa mlangoni, nikasikia.

Nilitabasamu. Naliandika hili ili baadaye nisijidanganye.

Jumanne hakuja. Jumatano hakuja. Leo asubuhi nikaambiwa kwamba baba yake anahamisha ng'ombe kwenda nyikani na Loishiye atakwenda nao. Nikamwachia mwenzangu darasa, nikaenda kwao Olasiti.

Mama yake ndiye aliyenipokea, kama kule ni kupokea. Aliitikia salamu yangu lakini hakunikaribisha ndani. Kiarusha changu ni cha sokoni, ila maneno yake nilielewa yote.

"Wewe ndiye uliyemhesabu mwanangu?"

"Sikumhesabu yeye, mama. Nilihesabu mabao."

"Mabao ya nani?"



Si kwamba mwiko sikuujua. Hapa Waarusha hawahesabu ng'ombe kwa kidole, wala watoto. Ukihesabu unaita upungufu. Hata kwetu Wameru, upande wa migomba, bibi alitukataza kuhesabu vifaranga. Nilijua hayo tangu utotoni, na bado nilisimama mbele ya watu na fimbo mkononi. Nilidhani mabao ni kitu kingine. Nilidhani tukishaingia darasani miiko inabaki nje pamoja na mikuki.

Baba yake alikuwa anaziba pengo la boma la ng'ombe kwa matawi ya miiba. Hakuacha kazi. Alisema malisho ya huku yamekwisha, na kesho jua likishapanda kidogo wanaondoka, na hawatarudi mpaka mvua. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi sina maneno mengi. Kama mnamtaka huyu, njoo useme mnamtaka. Kama hamumtaki, ng'ombe wanamtaka."

Nimewaona vijana watatu wakienda hivyo tangu nianze kufundisha hapa. Wote walisema watarudi mvua zikinyesha. Hakuna hata mmoja aliyekaa tena benchi.

Loishiye nilimkuta kwa ndama. Alisimama mara moja. "Shikamoo, mwalimu." Hakununa, na hilo lilinisumbua kuliko kama angenigeuzia mgongo.

Nilimwuliza, kwa sababu sikujua niulize nini kingine, yale mabao tisa yaliingiaje.

"Tisa siijui, mwalimu. Mipira naijua."

Akaanza kuitaja. Sikuwahi kusikia kitu kama hicho. Alianza na mchezo wa kwanza: mpira wa yule karani mwenye matege, aliyeupigia karibu kabisa hata pumzi zake zikasikika, ukapita chini ya mkono. Halafu ule uliotoka mbali ukadunda kwenye kichuguu, akaukumbatia. Halafu mzito, wenye tope, wa yule askari anayecheza bila viatu. Aliutaja mmoja mmoja kama baba yake anavyosimama jioni kwenye lango ng'ombe wakiingia: hahesabu, anaangalia ngozi na pembe, na akikosekana mmoja anajua ni yupi.

Nikafungua daftari, nikamfuata kwa kidole. Kijiti kilichokatwa, kijiti kizima, kijiti kizima, kilichokatwa. Michezo minne. Mpangilio wake na wangu ulikuwa mmoja. Mahali pamoja tu aliutaja mpira aliouzuia ambao mimi sina.

"Siku ile ulikuwa unachonga kalamu, mwalimu."

Ni kweli, nilikuwa nachonga kalamu. Mpira huo sikuuingiza, maana sikuuona kwa macho yangu, lakini nimeukumbuka njia nzima.

Nikamwuliza kuhusu michezo ya Ndekirwa. Siku hizo yeye ndiye aliyesimama nyuma ya mlango kurudisha mipira. Akaitaja yote kumi na sita, na mpangilio ukalingana tena. Nikamtaka aniambie upi ulipigwa karibu na upi mbali. "Karibu ni pale ambapo ukipepesa jicho umeshachelewa," akasema. Nikaandika alama pembeni ya kila kijiti.

Njiani nilifurahi. Niliona nimepata dawa.

Nilipofika nilimkuta Ndekirwa anamwagilia miche ya kahawa ya misheni. Nikamwuliza kama anakumbuka mipira aliyozuia.

"Sikumbuki, mwalimu. Ulikuja, nikaudaka. Kwani wewe umesahau kuandika?"

Wenzake wakaangua kicheko, nami nikacheka. Ni kijana mzuri. Hilo nalo linanichanganya.

Kisha nikakaa hapa nikafanya hesabu. Mipira ya karibu: Loishiye amepigiwa kumi na minne, amezuia sita. Ndekirwa amepigiwa mitatu, amezuia mmoja. Kwa hiyo karibu, Loishiye ni bora. Mipira ya mbali: Loishiye kumi, amezuia tisa. Ndekirwa kumi na mitatu, amezuia kumi na mmoja. Kwa hiyo mbali pia, Loishiye ni bora.

Karibu ni bora. Mbali ni bora. Nikizijumlisha, Ndekirwa ni bora.

Nimerudia mara tano. Nimejumlisha kutoka juu kwenda chini, na kutoka chini kwenda juu. Hakuna kosa. Vijiti ni vilevile arobaini, vijana ni walewale wawili, mkono uliochora ni wangu. Inakuwaje mtu ashinde katika kila nusu na ashindwe katika jumla? Kama ningekuwa Tanga ningemwuliza mwalimu wangu. Nadhani naye angejikuna kidevu.

Ninachoweza kuona ni hiki: Loishiye alipigiwa sana karibu, na Ndekirwa alipigiwa sana mbali. Na kwa nini ikawa hivyo? Kwa sababu Loishiye alicheza na vijana wa boma mara mbili na watu wazima wa karakana ya seremala mara mbili, na Ndekirwa alicheza na madarasa ya chini. Nani alipanga zamu? Mimi. Ndekirwa ni mtoto wa jirani yetu kule nyumbani, mama yake na mama yangu huchota maji mfereji mmoja. Sikukusudia kumpa michezo rahisi. Nimeiangalia ile karatasi ya zamu, na ningeambiwa niape kwamba sikukusudia, ningesita.

Lakini upande wa pili nao una miiba yake. Mipira mitatu ya karibu ni kitu gani? Angezuia mmoja zaidi tu, Ndekirwa angekuwa juu. Na alama zote za karibu na mbali zimetoka kinywani mwa Loishiye, ambaye ana jambo lake katika shauri hili. Hakimu gani humwachia mshtakiwa aandike ushahidi? Namwamini. Ila sijui kama namwamini kwa sababu ya ile kumbukumbu yake, au kwa sababu ya yale macho ya mama yake.

Pastori ameniagiza niandike jina na sababu. Jina nimeliandika: Loishiye. Kwenye sababu nimeandika na kufuta mara tatu. Mwanzo niliandika "kwa hesabu". Nikafuta, maana kwa hesabu pia ningeweza kuandika Ndekirwa. Nikaandika "kwa haki". Nikafuta, maana Ndekirwa hakufanya kosa lolote, na Jumatatu nilimsifu mbele ya wote. Nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso, na simwoni akicheka tena.

Karatasi imekwenda kwa Pastori leo hii, maana asubuhi sitakuwapo, na nafasi ya sababu ikiwa tupu. Ni mara ya kwanza kumpelekea kazi isiyokamilika.

Alfajiri nitakwenda Olasiti kabla ng'ombe hawajatoka. Nitamwambia mzee kwamba tunamtaka mwanawe, si Jumamosi tu, na nitamwomba mama yake radhi. Ubao nimeshaufuta. Jumamosi sitashika daftari.

Na akifungwa matano? Vijana wa boma wanaweza kumfunga matano, tena ya karibu yote. Wameru watanigeukia waniulize, "Mwalimu, hizi ndizo hesabu zako?" Nitawajibu nini? Na mimi mwenyewe, nikiwa nimesimama pembeni bila kalamu, nitajuaje kama amecheza vizuri?