Mkono wa Flavia Umefika Sikioni

Baba Flavia,

Mchicha uko chunguni, ugali songa mwenyewe. Mbuzi mfunge, asile nguo za kwenye kamba.

Asubuhi hii Flavia kapitisha mkono juu ya kichwa, kashika sikio la upande wa pili! Nikapiga vigelegele. Yeye ananishangaa: "Mama, Baba si alishanipima? Kaniandikisha shule tangu wiki jana." Wiki nzima unanitazama tu, huniambii! Mtoto niliyekuwa nambeba mgongoni juzijuzi!

~~Nimekusamehe.~~ Sijakusamehe. Tunapanda treni kwenda Usoke kwa bibi yake. Siku hizi za mwisho kabla ya shule ni zangu.

Suruali yako ya kanisani usiitafute. Nimeikata, nimemshonea mfuko wa shule. Jumapili njoo umevaa kaptula kutupokea stesheni, ufanane na mwanafunzi mwenzako.

Mama Flavia