Dripu ya Emérance

Bwera, Kasese,
Uganda.
14 Julai 2024

Mpendwa shemeji Kasereka,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za Lubumbashi? U mzima? Mke wako Consolée na watoto wanaendeleaje? Sisi huku tuko hai, watoto wanasoma, na duka la maharage bado linatulisha. Jua ni kali, na vumbi la malori ya mpakani linaingia mpaka ndani ya sufuria.

Simu yako haipatikani tangu Pasaka, na haya ninayotaka kukueleza hayaenei katika ujumbe mfupi. Ni habari za dada yako. Usishtuke kabla hujamaliza kusoma: Emérance yupo, ameketi nje anachambua maharage. Anayeogopa ni mimi.

Unakumbuka kuwa mwaka jana mkanda wa mashine ya kusaga unga ulimnasa mkono wa kulia. Kidonda kilipona, mifupa ikaunga, lakini maumivu yalizidi. Mkono ulivimba, ukawa mwekundu, na hata upepo ukiupitia alilia. Watoto walijifunza kumsalimia kwa mbali. Mimi mume wake sikuweza kumgusa. Vidonge vilimpa usingizi tu, na akiamka moto uko palepale.

Mwezi wa tano tulielekezwa kwa Dokta Kenneth, daktari wa dawa za usingizi katika hospitali moja mjini Kasese. Akatueleza kwamba mishipa ya fahamu imezoea kupiga kelele ingawa kidonda kimekwisha. Iko dawa ya kuituliza, alisema, inayoingia kwenye damu kwa dripu, polepole, mgonjwa akiwa macho. Emérance akauliza jina lake.

"Ketamini," daktari akajibu.

Shemeji, dada yako alisimama. Wewe unajua kwa nini. Ndiyo dawa aliyochomwa mama yenu kule Butembo siku ya kupasuliwa, ninyi wawili mkingoja mlangoni, na hakuamka tena.

"Hiyo ndiyo iliuwa mama," akasema.

Daktari hakumbishia wala hakumcheka. Alisema dozi hii ni ndogo kuliko ile ya kupasuliwa, haimlazi mtu. Ila inaweza kumwonyesha mambo yasiyokuwepo, na kwa sababu hiyo muuguzi angekaa naye mwanzo mpaka mwisho. Tukaondoka bila kukubali.

Njiani kurudi nyumbani, gari liliposimama Kikorongo, mwanamke mmoja alituingizia ndizi za kuchoma dirishani, mfuko ukamgusa Emérance kidole cha mkono ule mbovu. Alipiga ukelele hata dereva akadhani amekanyaga mtu. Alipopata pumzi akaniambia, "Philippe, turudi kwa ule munganga. Kufa mara moja iko nafuu."

Basi tukamrudia daktari, akatupangia siku, na siku hiyo tukaenda. Sista Sylivia, muuguzi Mkonzo mwenye sauti ya chini, akamfunga vyombo vya kupimia moyo na pumzi, akatafuta mshipa katika mkono wa kushoto. Emérance aliniambia nisogee karibu. "Ukae hapa, usinyamaze. Nikikosa kusikia sauti yako, nitajua niko nakufa."

Nikaongea. Nilimsimulia habari za kwaya, za mbuzi wa jirani, za chochote. Mwanzoni alijibu. Halafu macho yake yakaanza kuchezacheza, mate yakamjaa mdomoni, akanitazama kama anayetazama ukuta.

"Wewe ni mutu wa wapi? Bwana yangu iko wapi?"

"Ni mimi, Philippe."

"Hapana. Philippe walimuzika."

Kisha akaanza kuongea na mama yenu kwa Kinande, akimwuliza mbona amekawia huko ndani. Nikamwambia Sylivia ang'oe ile dripu mara moja.

"Moyo unaenda vizuri, na anapumua vizuri," Sylivia alisema, huku akipunguza matone. "Mzee, usinyamaze. Anakusikia."

Nikaanza kutaja njia tuliyopita tulipokimbia Kongo kuja huku: Butembo, Maboya, Beni. Nikairudia na kuirudia. Mara moja nilipofika Kasindi, pale mpakani, akafumba macho na kusema taratibu, "Tulivuka na mvua. Ulibeba godoro."

Nililia mbele ya muuguzi bila haya.

Dripu ilipokwisha na akili zake zikamrudia, Sylivia alipitisha pamba juu ya ule mkono mbovu. Emérance aliukodolea macho kama mkono wa mtu mwingine. "Pitisha tena," akasema. Tangu siku ile, kwa wiki kadhaa, amefua nguo, amemsuka binti yetu nywele, na tukienda misa amenishika mkono njia nzima.

Sasa moto umeanza kurudi, si kama zamani, lakini unarudi. Daktari amemwita tena, kesho. Nilimwomba dada yako tungoje kwanza. Nilimwambia yale macho yake bado yananijia. Akaniambia, "Wewe uliona sura yangu. Mimi niliona mukono yangu bila moto. Kesho niko naenda, na wewe ama bila wewe."

Daktari mwenyewe hasemi kwamba atapona. Anasema tu kwamba tunaweza kumpa nafasi ya kupumua. Na mimi najiuliza: safari hii nikitaja njia yote mpaka Kasindi, naye asiitike?

Ukiipata barua hii, ingawa hiyo kesho itakuwa imekwisha kupita, tafuta simu yoyote umpigie dada yako. Usimkataze kuendelea, nakusihi. Mwambie tu kwamba umesikia.

Msalimie sana Consolée, uwabusu watoto, na mjomba Tsongo akipita umwambie bado tunamkumbuka. Mama Maria awafunike wote huko mliko. Mnapomwombea Emérance, mniombee na mimi, maana yeye amekwisha kukunja kitenge cha safari na kukiweka kwenye mfuko, na mimi hata viatu sijui nimeviweka wapi.

Ni mimi wako nikupendaye,
shemeji yako Philippe