Nati ya Kitanda cha Baba

Jumapili, 3 Machi

Kitanda kimeanguka! Si chote – upande wa kichwa. Kaka alikuwa anamlisha Baba supu, Baba ameinuliwa vizuri, mara krak! mgongo wa kitanda ukashuka wote na Baba akabaki chali na supu mdomoni. Akapaliwa. Tulimgeuza ubavu, nikampiga mgongoni mpaka pumzi ikarudi. Nesi alishatuonya tangu siku ya kiharusi: asilishwe amelala, hata kijiko kimoja.

Kaka amekasirika. Au ameogopa, kwake ni kitu kimoja. Anasema Jumamosi anakuja na gari. Akikuta kitanda bado hivi, anamchukua Baba akakae kwake ghorofani, na mtu wa kumhudumia atatafutwa. Mashine ya kukereza vyuma hapa karakanani iuzwe, nami nipate amani. Amani! Nani kamwambia naitafuta?

Baba aligonga chuma cha kitanda kwa kijiko. Ngo, ngo. Sauti haijamrudi, basi ndivyo tunavyoongea: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Kaka akajifanya anatafuta funguo.

Jumatatu, 4 Machi

Nimeingia chini ya kitanda na tochi. Hiki kitanda Baba alikitengeneza mwenyewe, enzi Bibi anaumwa, mimi nikiwa kwa mume. Kina skrubu ndefu. Ukizungusha mpini wa miguuni, nati ya shaba inatembea juu ya skrubu na kuinua mgongo. Nati imeisha. Meno yote ya hesi yameliwa, imebaki pete tu. Skrubu yenyewe nzima kabisa.

Kazi ndogo, nikasema. Si ndiyo kazi inayonilisha, nati na bolti?

Ha!

Nikaweka geji ya kupimia meno ili nijue hatua yake, yaani nafasi kutoka jino hadi jino. Geji ya milimita nne haikai. Za inchi ndiyo kabisa. Nikapima meno kumi kwa mpigo kwa kalipa: milimita 40.8. Kwa hiyo hatua ni 4.08. Nne na kijisehemu! Hesi ya nani hiyo? Sijawahi kuiona dukani wala kwenye jedwali lolote. Nimepima tena kwa kalipa nyingine. Ni ile ile.

Cheche alipita, jirani yangu mchomeleaji, kurudisha nati nilizomkerezea. Eti nati zangu nzuri ila zina kiburi: kwenye bolti ya dukani zinaingia raundi mbili tatu, halafu zinakaza. Nikamwambia aache kununua bolti za bei ya karanga. Akacheka, akasema dada yangu, mdomo wako nao unahitaji grisi.

Jioni nimemlisha Baba kwa namna mpya. Nimekaa nyuma yake kitandani, kaegemea kifua changu, nami natafuta mdomo wake kwa kupapasa. Nusu ya chakula imeishia shingoni. Zamani alikuwa mzito. Sasa mwepesi hivi, sijui uzito umekwenda wapi.

Jumanne, 5 Machi

Duka la vitanda: hawana. Kijana wa kaunta kanishauri ninunue kitanda kipya, kana kwamba wazo hilo halijawahi kunipitia kichwani.

Basi hesabu. Kibao kwenye mashine yangu kinasema skrubu kuu – ile ndefu ya mbele inayovuta kisu – ina hatua ya 4. Gia mbili zinazoizungusha zikiwa na meno sawa, kisu kinakata hatua ya 4. Nikitaka 4.08, gia ya meno 51 isukume ya meno 50. Rahisi! Sema gia ya 51 sina. Nimekwenda kwa fundi wa gia, atanichongea ya plastiki ngumu. Alipandisha nyusi, akauliza mara mbili kama nina hakika ni 51. Nina hakika.

Nimempelekea Baba karatasi yangu, nilivyojaa fahari. Si yeye aliyenifundisha kukereza? Kaitazama. Ngo, ngo.

Hapana nini, Baba? Unataka maji? Ngo, ngo. Nifunge dirisha? Ngo, ngo. Nikuletee mto? Hapana, hapana, kila kitu hapana! Akaisukuma karatasi kwa mkono ule mzima mpaka ikaanguka. Nikamwambia basi lala, umechoka. Nilisema kwa ukali. Akafumba macho, lakini usingizi haukuwapo, nilimwona.

Labda akili yake inakwenda na kurudi. Sitaki kuandika hilo tena.

Jumatano, 6 Machi

Gia imekuja. Safi. Nimehesabu meno: 51.

Kipande cha shaba ninacho kimoja tu, kinatosha nati mbili. Nimekata ya kwanza polepole mno, mafuta mengi, nimeshikilia pumzi kama nachomwa sindano. Imetoka inang'aa. Nikaichukua skrubu ya kitanda, nikaivisha nati.

Raundi ya kwanza – tamu. Ya pili – inasita. Ya tatu – imegoma. Nikatia nguvu, ikagoma zaidi.

Nimeitupa ukutani. Ukuta umechubuka, nati nzima.

Alhamisi, 7 Machi

Sielewi. Nimechukua bomba kuukuu, nikalikwaruza kidogo kwa kisu, gia zile zile, nikapima meno kumi ya mkwaruzo. Nilitaka 40.8. Nimepata 41.6!

Nimeongeza kidogo, mashine imeongeza maradufu. Kwa idhini ya nani?

Nimehesabu meno ya gia tena. 51. Nimemwita Cheche ahesabu. 51. Nimefuta kalipa. Nimefuta miwani. Nimefanya hesabu upya mara tatu na mara zote imenitazama usoni na kusema niko sahihi. Sasa kama niko sahihi, mbona nimekosea?

Kaka kapiga simu. Kaniuliza Baba anapenda shuka za aina gani. Nikasema sijui. Najua.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekaa chini, nasikia kucheka na kulia pamoja. Ngoja niandike kwa utaratibu.

Asubuhi nilitaka kufuta meza ya karakana. Skrubu ya kitanda ilikuwa njiani, nikaiokota na kuilaza juu ya skrubu kuu ya mashine, iwe hapo kwanza. Ikatulia. Haikubiringika wala kuteleza. Nikainama. Meno yameingia ndani ya meno, mwanzo hadi mwisho, hata mwanga haupiti katikati.

Nikaisogeza mbele. Ikakaa vile vile. Nikaisogeza nyuma. Vile vile!

Nikapima meno kumi ya skrubu kuu yenyewe, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu niishike hii mashine, maana kibao kipo, nani anapima kitu chenye kibao? 40.8.

Kibao kinadanganya! Skrubu kuu si ile iliyokuja na mashine. Nimekimbia chumbani na makoleo mkononi. Baba, ile ya asili iliisha? Ngo. Ukapata chuma kimoja kirefu chenye hesi tayari? Ngo. Ukakikata vipande viwili, kimoja ukaweka kwenye mashine, kingine kwenye kitanda cha Bibi? Ngo! Akacheka mpaka machozi yakamtoka, upande mmoja wa uso, ule unaocheka.

Kwa hiyo gia ya 51 haikuwa na kazi. Hatua ya kitanda ndiyo hatua ya mashine. Gia sawa kwa sawa, basi, kazi ambayo Baba alinianzishia nayo siku ya kwanza. Ndicho alichokuwa anakataa Jumanne! Si maji, si dirisha. Karatasi! Nami nikamwambia alale.

Na Cheche, masikini. Hatua za nati zangu zote zimekuwa zikizidi kidogo, miaka yote hii. Nitamwambia. Si leo.

Nimemwomba Baba msamaha. Kagonga mara moja.

Imebaki shaba ya nati moja.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika nimesimama, daftari juu ya sanduku la gia, mafuta kila mahali.

Nilianza mapema. Gia sawa kwa sawa. Kisu kikaenda na kurudi, hesi ikaanza kuchimbika, safi. Nikasikia gari. Kaka na wifi. Wifi akanisalimia mlangoni akaenda kwa Baba. Kaka hakuja huku. Nilimsikia anafungua kabati, anakunja nguo. Kisha begi la Baba likawekwa hapa kwenye korido, mbele ya mlango wa karakana.

Hapo hapo umeme ukakatika.

Kisu kiko katikati ya shaba! Nimesubiri. Nimetukana, kimoyomoyo kwa sababu ya wifi. Kaka akatokea, akatazama saa yake, akasema mdogo wangu, umejitahidi, lakini hatuwezi kungoja umeme.

Nikamwambia vua saa. Shika hapa. Zungusha kwa mkono.

Alinitazama kama nimechanganyikiwa, na wiki hii yote nimechanganyikiwa kweli. Akavua saa. Akakunja mikono ya shati. Akashika kichwa cha mashine kinachobana shaba, akaanza kuzungusha kwa pupa, kama anataka kumaliza foleni. Shaba ikalia kwa uchungu.

Kutoka chumbani, kupitia ukutani: ngo, ngo.

Kaka akasimama. Anataka nini? Maji?

Nikasema hapana. Zungusha taratibu.

Akazungusha taratibu. Shaba ikanyamaza, ikaanza kutoka vipande virefu, laini. Ngo. Mara moja.

Kaka akaamua kumjaribu. Akaharakisha makusudi, kidogo tu. Ngo, ngo. Akapunguza. Ngo. Kaka akageukia ukuta. Anatusikia, akasema, anasikia kisu. Nikasema anasikia kila kitu, tangu Jumapili.

Tumekata hivyo mikato sita. Mkono umemwuma, tumebadilishana, sasa anapumzika na mimi naandika haya. Bado mikato mitatu au minne, kisha kuivisha, na sijui kama itapita raundi ya tatu. Umeme haujarudi. Wifi kauliza kutoka chumbani tunaondoka saa ngapi. Begi la mlangoni lilikuwa linamzuia Kaka kusimama vizuri. Amelisukuma kwa mguu hadi ndani, chini ya meza. Sasa anaita, dada wee, acha kuandika, shika mafuta